Miezi kumi ya matonge madogo

Mke wangu aliondoka Mtwara kwa basi la alfajiri mwanzoni mwa Oktoba, akielekea Dodoma kwa masomo ya miezi kumi, na juu ya meza ya jikoni aliniachia daftari lenye kurasa nne za maelekezo. Yaliandikwa kwa utaratibu mzuri: siku ya kliniki ya mtoto mdogo, tarehe ya dawa ya minyoo, namba ya fundi bomba, duka linalotukopesha mchele mwezi unapokuwa mrefu. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliosema nifanye nini mtoto akifumba mdomo.

Tuna watoto wawili. Binti wakati huo alikuwa na miaka sita, yuko darasa la kwanza, na mdogo wake wa kiume alikuwa anakaribia miaka mitatu. Mimi ni karani katika ghala la korosho, na kwa watu wa kazi yangu Oktoba ndio mwezi ambao msimu hufunguliwa, minada huanza, malori hupanga foleni getini, na mtu hurudi nyumbani jua limekwishazama huku nguo zikinuka magunia. Mchana mdogo alishinda kwa mama mmoja jirani ambaye nilimlipa, lakini kifungua kinywa, chakula cha kubeba shuleni na chakula cha jioni vilikuwa juu yangu. Ujuzi wangu jikoni ulikuwa ugali, mayai ya kukaanga na chai.

Jioni ya kwanza nilipika ugali kwa kisamvu cha nazi, nikawapakulia kama ninavyojipakulia mwenyewe. Binti alikula matonge matatu akasema ameshiba. Mdogo alilitazama lile bonge la ugali lililokuwa kubwa kuliko kichwa cha mdoli wa dada yake, akageuza uso ukutani. Nilibembeleza, kisha nikakaripia, na mwisho nikafanya kosa lililonigharimu wiki sita: nilitoka kwenda kibandani kununua chipsi. Kuanzia siku ile watoto walijua kwamba chakula cha kwanza ni utangulizi tu, na kwamba wakivumilia kidogo chakula chenyewe kitafika kikiwa kimefungwa kwenye mfuko.

Asubuhi nako nilitafuta njia nyepesi. Kila mtoto alipata pakiti ya biskuti ya shilingi 500 na juisi ya boksi ya shilingi 1,000, wa shule akaiweka kwenye begi na mdogo akaenda nayo kwa jirani. Mwisho wa mwezi, kwa kuwa ukarani ni ugonjwa usiopona, nilipiga hesabu: siku 26 za biskuti na juisi zilikula shilingi 78,000, na sahani 14 za chipsi zikaongeza 28,000. Jumla ilikuwa 106,000, na bado kila siku nilikuwa nikimwaga ugali. Fedha iliniuma, lakini kilichonitia hofu ni kadi ya kliniki. Muuguzi alimpima mdogo, akaweka nukta mpya, akaiunganisha na ile ya mwezi uliopita, na mstari uliokuwa ukipanda tangu azaliwe ukalala kama barabara ya uwanja wa ndege. Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: kati ya mlo na mlo anakula nini? Nilipomjibu, alitikisa kichwa na kunieleza kwamba biskuti na juisi vinamwondolea mtoto njaa bila kumlisha, kwa hiyo anapofika mezani jioni tumbo limejaa sukari na hana sababu ya kufungua mdomo.

Nilimpigia simu mama mkwe, ambaye anaishi Mikindani, na siku ya pili yake alishuka kwenye bajaji akiwa na kikapu cha muhogo.

Aliniangalia nikipakua. Hakusema neno mpaka nilipokwisha, ndipo akasema, "Mkwe wangu, tumbo la huyu mtoto si kubwa kuliko ngumi yake. Wewe unampakulia kama mchukuzi wa bandarini." Akachukua ugali ule ule, akaubana katika viganja vilivyolowana maji, akatoa vidonge virefu vya ukubwa wa kidole chake cha mwisho, akavipanga vitano tu kwenye kisahani na pembeni akaweka kibakuli cha mchuzi wa samaki. Hakumlisha. Aliweka kisahani mbele ya mtoto, akageuka kuendelea na mazungumzo yake nami kana kwamba mtoto hayupo. Mdogo alichukua kimoja, akakichovya, akakinyonya, akakirudisha kwenye mchuzi, akakila. Alikula vinne. Mimi nilitaka kupiga makofi, bibi yake akanikanyaga mguu chini ya meza.

Kwa muda mrefu nilidhani siri ilikuwa ule udogo. Baadaye nilielewa kwamba udogo ulifanya kazi kwa sababu ulimpa mtoto kitu anachoweza kukishika mwenyewe, kukichovya, kukimaliza na kuomba kingine. Chakula kilikuwa kile kile cha nyumba nzima. Kilichobadilika ni umbo lake, pamoja na mkono uliokuwa ukikipeleka mdomoni.

Kitafunio cha kwanza nilichokimudu, na ambacho hadi leo ndicho ninachokiamini kuliko vyote, ni vidole vya muhogo na samaki. Ninachemsha kilo moja ya muhogo mtamu uliomenywa, wenye chumvi kidogo, mpaka upasuke wenyewe. Huku kwetu mashamba mengi yana muhogo mchungu, ambao una sumu na haufai kabisa kuchemshwa na kuliwa hivi hivi, kwa hiyo ninanunua kwa muuzaji ninayemfahamu, na kipande chochote chenye ladha ya uchungu sufuria nzima inamwagwa bila majadiliano. Ukiwa bado wa moto, ule uzi mgumu wa katikati hutoka ukiuvuta kwa uma. Ukiusubiri upoe utapambana nao. Ninauponda papo hapo kwa mchi, lakini kwa kiasi, maana ukiuponda sana unavutika kama gundi. Kisha ninachanganya robo kilo ya samaki aliyechemshwa na kuchambuliwa, kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo, giligilani, ndimu na chumvi. Samaki ninayemchagua feri, kwenye soko la samaki, ni nguru au jodari, kwa sababu miiba yao ni mikubwa na inaonekana kwa macho. Samaki aina ya changu ni mtamu zaidi, lakini sijawahi kuwa na subira ya kumchambulia mtoto wa miaka mitatu. Hata hivyo kila konzi ninaisugua kati ya vidole kabla ya kuichanganya, na mara mbili vidole vyangu vimekamata mwiba ambao macho yalikuwa yameupitisha. Kwa kipimo hicho ninapata vidole 40 hivi. Ninavichovya kwenye yai, ninavipaka mafuta kidogo na kuvigeuza juu ya kikaango hadi vipate rangi.

Ninasisitiza kikaango kwa sababu mwezi wa kwanza wa vitafunio nilikuwa nikizamisha kila kitu kwenye karai la mafuta. Lita tano ziliisha kabla ya mwezi kuisha. Nilipokaa na daftari niliona kwamba mafuta peke yake yalikuwa yamekula fedha nyingi kuliko muhogo na kunde kwa pamoja, na kwamba kile nilichokiita chakula cha nyumbani kilikuwa chipsi kwa jina jingine. Sasa karai linashuka Jumamosi tu, kwa ajili ya bagia za kunde, ambazo kwa kweli hazina njia nyingine.

Vitumbua vilinitesa. Nilimtazama mama anayeuza vitumbua karibu na kituo cha bajaji, nikaona mchezo mwepesi: anamimina, anageuza, anaopoa. Nikanunua chuma chenye vishimo saba, nikaloweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, asubuhi nikausaga kwenye blenda kwa kikombe kimoja na nusu cha tui zito, kijiko cha chai cha hamira na iliki. Sikujua kwamba tui nililokuwa nimelichemsha lingeua hamira. Rojo lilikaa saa mbili bila kutoa hata povu moja, na nilipolimimina kwenye chuma kipya ambacho sikukipaka mafuta ya kutosha, liliganda humo kama saruji. Binti alikula uji mkavu wa sukari siku ile na kunihurumia waziwazi. Tui liwe vuguvugu, kiasi kwamba unaweza kutumbukiza kidole na kukiacha humo bila kuguna. Na chuma kipya kikaangwe na mafuta mara mbili tatu kikiwa kitupu kabla ya kukiamini. Vitumbua vya duru ya kwanza huwa ni vya mpishi, hata mama wa kituoni alikiri.

Nilipoviweza, tamaa iliniingia. Nilipunguza sukari hadi kijiko kimoja na kuanza kuficha vitu ndani: karoti iliyokunwa, mchicha uliosagwa, unga wa dagaa waliokaushwa kwenye kikaango. Nilijiona mjanja kwa siku nne. Siku ya tano binti alikutana na kichwa cha dagaa kilichoukwepa mchi, akakitoa mdomoni, akakiweka mezani na kuniuliza, "Baba, humu umeweka nini kingine?" Kwa wiki mbili zilizofuata alipasua kila kitumbua na kukichunguza kabla ya kula, na mdogo wake, asiyejua anatafuta nini, akawa anapasua vya kwake vilevile. Nimewasikia wazazi wengi wakisifu ujanja huu wa kuficha mboga, nami sibishani nao, lakini kwangu ulinipotezea imani ambayo niliijenga kwa shida. Siku hizi ninataja kila kilichomo. Dagaa bado wamo, na wanaliwa.

Kosa kubwa kuliko yote lilitokea Jumapili moja ya Novemba, na nimesita kuliandika. Katika nyumba ya karani wa korosho, korosho zipo. Nilikuwa nimezikaanga bakuli zima, nikaziacha juu ya kigoda, na mdogo alipita akikimbia, akachota konzi, akatia mdomoni, akaendelea kukimbia. Nilimsikia akikohoa, kisha kikohozi kikakatika. Nilipomfikia alikuwa amefungua mdomo wazi bila sauti na midomo inabadilika rangi. Nilitia kidole kooni kuitafuta ile korosho. Sikuigusa, na sasa najua kwamba ningeweza kuisukuma ndani zaidi. Jirani, ambaye amewahi kufundishwa huduma ya kwanza, aliruka ukuta, akanipokonya mtoto, akamwinamisha kifudifudi juu ya mkono wake na kumpiga kati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Pigo la nne, nusu ya korosho ilianguka sakafuni. Mtoto akalia. Mimi nilikaa chini pale pale penye vumbi.

Muuguzi wa kliniki alinielekeza baadaye kwa utulivu, na nimebandika maelezo yake kwenye mlango wa jokofu. Mtoto anayekohoa kwa nguvu aachwe akohoe, kwa kuwa kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, ainamishwe na kupigwa mapigo matano kati ya mabega. Kilichomkwama kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, chini ya mfupa wa kifua, na uvute kwa nguvu kuelekea ndani na juu mara tano, ukibadilishana hivyo huku mtu mwingine akitafuta usafiri wa hospitali. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja tumbo haliguswi, badala yake hukandamizwa kifua. Kidole hakiingizwi mdomoni kutafuta kitu usichokiona. Aliniambia pia kwamba korosho na karanga nzima haziwafai watoto walio chini ya miaka mitano, na kwamba kila chakula cha mviringo, iwe zabibu, soseji au nyanya ndogo, kikatwe kwa urefu kwanza, kwa sababu kipande cha duara kinaziba njia ya hewa kama kizibo cha chupa. Kwa mdogo kila kitu ninakijaribu kwanza kwa kukibana kati ya vidole viwili: kisipobonyea, kinarudi jikoni. Na watoto wote wawili wanakula wakiwa wamekaa. Hiyo ndiyo sheria pekee ya nyumba yangu isiyo na rufaa.

Korosho hazikufukuzwa nyumbani. Ninazikaanga, ninazisaga zikiwa bado na moto pamoja na kijiko cha mafuta na chumvi kidogo hadi ziwe laini, ninazipaka kwenye chapati, ninaikunja kama mkeka na kuikata vipande vya ukubwa wa kifundo cha kidole. Binti anakiita kitafunio hicho "vimkeka", na marafiki zake wameanza kumwomba abebe vya ziada.

Kubeba chakula shuleni nako kulikuwa na somo lake. Wiki moja nilijivunia mbaazi za nazi, nikazijaza zikitoka moto kwenye kikopo cha plastiki, nikafunga kwa nguvu. Novemba ya Mtwara, kabla mvua hazijakaa sawa, hewa yenyewe ni kama mvuke wa sufuria. Saa nne asubuhi binti alipofungua, mbaazi zilikuwa zimechacha na zinatoa povu. Alikula kwa sababu hakutaka kuniangusha, na mchana nilipigiwa simu nikamchukue akiwa anatapika. Kile kikopo kilichofungwa kikiwa cha moto kilikuwa kimefanya kazi ya kuatamia vijidudu. Tangu hapo kitu chenye tui hakiendi shuleni, bali kinaliwa nyumbani. Vinavyokwenda ni vikavu: vimkeka, vidole vya muhogo vilivyopoa kabisa kabla ya kufunikwa, ndizi isiyomenywa, na vipande vya ugali wa jana nilivyovikausha kwenye kikaango hadi vikawa na ukoko pande zote. Chakula kilichopikwa ninakihesabia saa mbili nje ya jokofu, na siku za joto kali saa moja, kwa hiyo chenye samaki ninakipeleka siku ambazo mapumziko ni mapema, na siku nyingine anabeba visivyo na samaki.

Kuhusu mapambo nitasema kifupi. Usiku mmoja nilikaa dakika 40 nikitengeneza uso wa paka kwa chapati, macho ya karoti na masharubu ya tango. Binti aliuangalia akaanza kulia kwa kuwa hakutaka kumla paka. Urembo wa namna hiyo ni wa mtu mzima mwenye simu ya kupiga picha. Kilichowafurahisha wanangu kilikuwa kuchovya, kukunja, kuchoma vipande vya papai kwenye njiti za mishikaki, ambazo ncha zake ninazikata kwa mkasi kabla hazijafika mezani, na kumenya ming'oko, vile viazi vidogo vya porini, wenyewe, kazi inayowachukua nusu saa nzima bila kugombana.

Hesabu za mwezi wa Februari zilikuwa hivi: kwa wiki, muhogo shilingi 2,000, samaki 7,000, kunde 1,500, nazi mbili 2,000 na kilo ya mchele 2,800, jumla 15,300, ukiacha mafuta na gesi. Si bei ya kutupa, ila ni chini sana ya mwezi wangu wa biskuti. Gharama isiyoandikwa ni Jumapili. Kuanzia adhuhuri ninachemsha, ninaponda, ninafinyanga, ninagandisha kwenye jokofu vidole vya muhogo ambavyo bado havijapita kikaangoni, na umeme ukikatika muda mrefu navipika vyote siku ile ile na kuwagawia watoto wa jirani. Wakati marafiki zangu wapo uwanjani wakitazama mpira, mimi nina unga hadi kwenye viwiko. Kuna Jumapili nilichukia. Kuna nyingine binti alipanda juu ya ndoo kunisaidia kufinyanga, na alichokifinyanga mwenyewe hakuwahi kukikataa, hata kilipokuwa na mchicha.

Kliniki ya Machi mstari ulikuwa umeanza kupanda. Muuguzi alinieleza pia jambo ambalo lilinipunguzia hasira, kwamba chakula kigeni mtoto anaweza kuhitaji kukutana nacho mara kumi hadi kumi na tano kabla hajakikubali, na kwamba sisi wengi tunakata tamaa mara ya tatu. Nikafungua ukurasa wa tano wa daftari la mke wangu nikachora safu: jina la chakula upande mmoja, alama za kuhesabu upande wa pili. Kipande kimoja kidogo pembeni mwa vile anavyovipenda, bila kubembeleza na bila kutaja. Boga lilikubaliwa mara ya sita. Mchicha mara ya tisa, ukiwa ndani ya bagia. Ngisi, kwa sababu nisizozielewa, mara ya kwanza.

Mke wangu alirejea Agosti. Alisoma ukurasa ule akiwa amesimama, begi bado begani, kisha akaniuliza kwa nini sukari ya vitumbua imepungua hivi, na tukabishana mpaka chai ikapoa. Mdogo hali bamia mpaka leo. Jana ilikuwa mara ya kumi na moja.